Kusafisha filamu nyumbani Kinama: shika kipimajoto kabla ya kuchagua dawa

Kamera ya mkanda imetoka kwenye sanduku la babu, shata bado inalia vizuri, na mkanda wa kwanza wa picha nyeusi na nyeupe umeshapigwa hadi mwisho. Hapo ndipo swali lile lile linapoulizwa, tena na tena: dawa ipi ya kusafishia ni bora kwa mtu anayefanya kazi nyumbani?

Jibu linawashangaza wengi. Kwa mtu wa Kinama, au mtaa wowote wa Bujumbura, jina la dawa linakuja baadaye. Kwanza pima joto la maji. Majedwali ya dakika yanayochapishwa na watengenezaji wa filamu huanzia nyuzi 20 za Selsiasi, nayo maji ya mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha mita 775 hivi juu ya usawa wa bahari, hayashuki hadi 20 yenyewe. Mwenzako wa Ijenda, kule juu Mugamba penye baridi, anaweza kufuata jedwali kama lilivyo. Wewe ukilifuata bila kupima, negativu zitatoka nyeusi tii, na utailaumu dawa bure.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Chumba cha giza si lazima. Giza linahitajika kwa dakika chache tu, wakati wa kuviringisha mkanda kwenye rili na kuufungia ndani ya tangi. Tangi likishafungwa, kazi yote iliyobaki hufanyika mwangani, hata uani. Unahitaji:

- tangi la kusafishia lenye rili yake (la Paterson hutumia mililita 290 kwa mkanda mmoja wa milimita 35, na mililita 500 kwa mkanda mpana wa 120);
- mfuko wa giza wa kuingizia mikono, au chumba kisichopitisha hata uzi wa mwanga;
- kipimajoto kinachosoma tofauti ya nusu nyuzi;
- mabomba ya sindano kutoka farmasi, la mililita 10 na la 20, yasiyo na sindano;
- mzani mdogo wa gramu, kama utachanganya dawa mwenyewe;
- mkasi, saa, glavu, chupa zenye vifuniko vya kukaza, na vibanio vya nguo;
- dawa ya kusafishia, na fiksa, yaani dawa ya kukaza picha.

Fiksa haina mbadala wa kuaminika jikoni. Chumvi nyingi iliyoyeyushwa majini hufanya kazi hiyo polepole mno, na matokeo hayatabiriki. Kama bajeti ni ndogo, punguza kwingine lakini fiksa nunua.

Unapomwagiza ndugu anayerudi kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Brussels, mwambie alete dawa za unga pale inapowezekana. Unga ni mwepesi, haumwagiki, na hausumbui kwenye ndege kama chupa za kimiminika kikali.

Joto ndilo linaloamua dakika

Kadiri maji yanavyopata joto, dawa hufanya kazi haraka zaidi. Chukua dakika za nyuzi 20 zilizoandikwa kwenye jedwali, kisha zidisha hivi:

- maji ya nyuzi 22: mara 0.83;
- maji ya nyuzi 24: mara 0.7;
- maji ya nyuzi 26: mara 0.57.

Mfano: filamu ya Ilford HP5 Plus ndani ya D-76 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huhitaji dakika 11 kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 ni kama dakika 7 na robo tatu, na kwa nyuzi 26 ni dakika 6 na robo hivi.

Sasa itazame dawa kali. Filamu hiyo hiyo ndani ya HC-110, sehemu 1 ya dawa kwa 31 za maji, huchukua dakika 5 kwa nyuzi 20. Kwenye maji ya nyuzi 24 zinabaki dakika 3 na nusu, nao ni muda mfupi mno. Dawa inapoingia na kutoka tangini huchukua sekunde 15 au 20 kila mara, na katika muda mfupi hivyo sekunde hizo huacha michirizi, hasa angani na kwenye kuta nyeupe. Usichague mchanganyiko unaokupa chini ya dakika 5. Ndiyo maana sehemu za joto hupendelea dawa iliyozimuliwa kwa maji mengi.

Kuteremsha joto pia kunawezekana. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi hupoza maji kwa kuyatoa kama jasho kupitia kuta zake, na hufanya kazi vizuri zaidi miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, hewa inapokuwa kavu. Njia nyingine ni beseni la maji lenye mfuko wa barafu, chupa zote zikisimama humo. Usitie barafu ndani ya dawa yenyewe, kwa sababu itaizimua.

Kuliko kuhangaika na 20, lenga 24 na uishike hapo. Dawa, maji ya katikati, fiksa na maji ya kuoshea visipishane kwa zaidi ya nyuzi mbili. Filamu inayotoka kwenye maji ya moto na kuingia ghafla kwenye ya baridi inaweza kukunjamana ngozi yake ya jelatini ikawa kama tope lililokauka, na hilo halirekebishiki.

Dawa nne, na kila moja inamfaa nani

*D-76, au ndugu yake ID-11.* Ni unga wa Kodak uliozaliwa miaka ya 1920, na Ilford wana wao unaolingana nao. Hutoa chembe laini na vivuli vyenye maelezo, na husamehe makosa madogo. Yeyusha pakiti nzima kwa mara moja, kwenye maji ya nyuzi 50 hivi, kisha iache ipoe hadi siku ya pili. Usipime nusu pakiti, kwani viungo ndani ya mfuko hujitenga kwa uzito na nusu yako haitakuwa na uwiano. Chupa iliyojaa hadi mdomoni na kufungwa vizuri hudumu miezi 6, iliyobaki nusu hudumu miezi 2. Izimue nusu kwa nusu, tumia mara moja, mwaga. Kwa anayeanza na anayesafisha angalau mikanda miwili kwa mwezi, hii ndiyo chaguo la kwanza.

*Rodinal.* Ilipata hataza Ujerumani mwaka 1891 na bado inauzwa, ingawa wakati mwingine kwa majina mengine. Ni kimiminika kikali, na sifa yake kubwa ni uhai: chupa iliyofunguliwa hudumu miaka, hata rangi yake ikigeuka kahawia iliyokoza. Kwa sehemu 1 kwa 50, tia mililita 10 za dawa kwenye 500 za maji. HP5 Plus huchukua dakika 11 kwa nyuzi 20, hivyo hesabu za joto ni zile zile za D-76. Picha hutoka kali na chembe zake huonekana wazi, ndiyo maana hupendeza zaidi kwa filamu za polepole za ISO 100. Inamfaa anayesafisha mkanda mmoja kila baada ya miezi mitatu.

*HC-110.* Nayo ni kimiminika kinachodumu, na chembe zake ni laini kuliko za Rodinal. Dosari yake kwetu ni ule mwendo wa haraka. Wapigapicha wengi huizimua 1 kwa 63 na kuongeza muda mara mbili, na kwa HP5 Plus hiyo huleta dakika 10 kwa nyuzi 20, au 7 kwa nyuzi 24. Hesabu hii haimo kwenye karatasi ya mtengenezaji, kwa hiyo ijaribu kwanza kwa mkanda usio na thamani.

*Caffenol, dawa ya kahawa.* Mwaka 1995, Scott Williams na wanafunzi wake katika Rochester Institute of Technology, Marekani, walionyesha kwamba kahawa ya unga wa kuyeyuka pamoja na soda ya kufulia husafisha filamu. Baadaye wapenzi wa picha wakaongeza vitamini C ili kuipa nguvu. Kwa mililita 300 zinazotosha mkanda mmoja wa milimita 35:

1. soda ya kufulia isiyo na maji, gramu 16;
2. vitamini C ya unga mtupu, gramu 5;
3. kahawa ya kuyeyuka, gramu 12.

Yeyusha kwa mpangilio huo huo, kimoja kimalizike kabla ya kingine kuingia. Acha dakika 5 povu litulie, kisha tumia ndani ya nusu saa. Anza na dakika 15 kwa nyuzi 20, au 10 na nusu kwa nyuzi 24. Harufu yake ni nzito, fanyia kazi uani. Filamu za ISO 100 huikubali vizuri, lakini za ISO 400 huweza kutoka na ukungu.

"Lakini Burundi ni nchi ya kahawa, kwa nini ninunue ya kopo?"

Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake limo ndani ya mbegu. Kinachofanya kazi si kafeini. Ni asidi za kahawa, na hizo ni nyingi zaidi kwenye robusta. Kahawa ya Ngozi na Kayanza inayosifiwa duniani ni arabika. Tena kahawa ya kuchemsha haina kipimo: leo nzito, kesho nyepesi, na negativu hubadilika nayo. Kahawa ya kuyeyuka ya bei ya chini, yenye robusta, ndiyo inayofaa. Africafe inayotengenezwa Bukoba, ng'ambo ya mpaka, ni ya aina hiyo. Ya Kayanza inyweni.

Soda ya kufulia isipopatikana, itengeneze kutoka bikaboneti ya kupikia, ile inayolainisha maharage. Itandaze kwenye sufuria kavu, ipashe kwa moto wa wastani ukikoroga kwa karibu saa nzima, hadi iache kutoa mvuke. Gramu 100 zikibadilika zote hubaki gramu 63 tu, na mzani ndio utakaokuambia kama kazi imekwisha. Magadi ghafi ya mawe usiyatumie, maana yana chumvi na uchafu usiojulikana kiasi chake. Vitamini C ya vidonge vinavyochemka kwenye glasi nayo iache, kwani ina bikaboneti, asidi nyingine na ladha.

Hatua kwa hatua

1. Jaribu ukiona. Toa mhanga mkanda mmoja wa zamani. Uviringishe kwenye rili mchana ukiutazama, kisha ukiwa umefumba macho, hadi mikono izoee.
2. Viringisha gizani. Usiku ni salama zaidi, kwa sababu nyumba za mabati hupitisha mwanga kwenye matundu ya misumari. Zima simu na vua saa yenye mwanga. Rili ya plastiki iwe kavu kabisa, kwani jasho la mikono huifanya inase. Mkanda ukikwama usiusukume kwa nguvu. Uweke ndani ya tangi, funga, pumzika, kausha mikono.
3. Andaa vyote. Dawa, maji na fiksa vikae kwenye beseni moja hadi vilingane joto. Andika dakika ulizohesabu kwenye karatasi.
4. Mimina dawa, anzisha saa. Pindua tangi taratibu kwa sekunde 30 za kwanza, kisha sekunde 10 za mwanzo wa kila dakika. Kila ukimaliza, gonga kitako cha tangi mezani mara mbili ili viputo vya hewa vitoke.
5. Simamisha. Anza kumimina nje sekunde 15 kabla ya muda kwisha. Jaza maji safi, tikisa, mwaga, rudia mara mbili. Siki ya dukani iliyozimuliwa, sehemu 1 kwa 3 za maji, husimamisha haraka zaidi, lakini usiitumie baada ya dawa ya kahawa: siki na soda hutoa gesi ndani ya tangi lililofungwa.
6. Kaza. Kabla ya siku ya kazi, tumbukiza kipande cha ncha ya filamu kwenye fiksa na uhesabu muda wa kung'aa kwake. Zidisha mara mbili: huo ndio muda wa kukaza. Fiksa mpya ya haraka, 1 kwa 4, kwa kawaida humaliza kati ya dakika 2 na 5.
7. Osha bila kupoteza maji. Bomba la maji la REGIDESO likiwa kavu, bidoni moja inatosha. Ilford wanapendekeza njia hii: jaza tangi, pindua mara 5, mwaga, jaza, pindua mara 10, mwaga, jaza, pindua mara 20, mwaga. Haifai kwa fiksa yenye dawa ya kugandisha ngozi ya filamu.
8. Suuza na uanike. Tumia maji yaliyochujwa au ya chupa, na tone moja dogo la sabuni ya vyombo. Maji ya betri yaliyosafishwa yanafaa, ila soma chupa mara mbili, kwani asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo. Tundika mkanda mahali pasipo na vumbi, kibanio chini, na usiuguse kwa masaa matatu. Ngozi ya filamu yenye maji ya joto ni laini kama ugali wa moto.

Negativu inakuambia kosa

- *Nyeupe kabisa, hata namba za pembeni hazipo:* fiksa ilitangulia dawa, au dawa ilikuwa imekufa.
- *Nyeupe, lakini namba za pembeni zipo:* mkanda haukuzunguka ndani ya kamera. Dawa haina hatia.
- *Nyeusi na nzito kote:* joto lilikuwa juu kuliko ulivyodhani. Punguza dakika kwa asilimia 20 mara ijayo.
- *Maziwa au rangi ya zambarau:* haikukazwa vya kutosha. Irudishe kwenye fiksa mpya, itapona.
- *Vidoa vidogo vya duara:* viputo vya hewa. Ligonge tangi.
- *Alama kama mwezi mchanga:* filamu ilikunjwa wakati wa kuviringisha.

"Si rahisi zaidi kununua dawa zote nne na kulinganisha?"

Hapana. Anayebadilisha dawa kila mkanda hawezi kujua kama tofauti imeletwa na dawa, joto, au mwanga wa siku ile. Chagua filamu moja na dawa moja. Safisha mikanda 10. Kwenye daftari andika tarehe, joto, dakika, na jinsi negativu zilivyotoka. Mkanda wa 11 ndio unaoweza kuubadilishia dawa ukaelewa unachokiona.

Usalama wa nyumba na wa ziwa

Nyumba nyingi za Kinama ni za watu wengi, na watoto hawakosekani. Kwa hiyo dawa isikae kamwe kwenye chupa ya Fanta au ya Primus, hata kwa usiku mmoja. Caffenol inafanana na kahawa, D-76 inafanana na maji. Andika jina kwa kalamu isiyofutika, weka juu, funga. Vyombo vya dawa visirudi jikoni. Vaa glavu: Rodinal huunguza ngozi, na metoli iliyomo kwenye D-76 huwaletea baadhi ya watu upele unaorudi kila wanapoigusa.

Fiksa iliyotumika ina madini ya fedha yaliyotoka kwenye filamu, na ni sumu kwa samaki. Usiimwage kwenye mtaro. Mitaro ya mji inaishia Ziwa Tanganyika, na maji mengi ya kunywa ya Bujumbura hutoka humo humo. Tia sufi ya chuma ya kusugulia sufuria kwenye dumu la fiksa iliyochoka, liache wazi kiasi kwa siku chache: chuma huyeyuka na fedha hubaki chini kama tope jeusi. Kusanya tope hilo kwenye chupa yake, na usiimwage fiksa kabla ya kufanya hivyo.

Kabla ya kukubali kazi ya harusi ya mtu

Zanzibar, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 iliendelea mikononi mwa mwanawe Rohit, na picha zake za Mji Mkongwe wa zamani bado watu huenda kuzitazama. Picha hudumu hivyo zikikazwa na kuoshwa ipasavyo. Negativu yenye mabaki ya fiksa hugeuka manjano na kufifia, hata kama siku ya kwanza ilipendeza.

Wakazi wa Kinama waliwahi kuyahama makazi yao katika vita vya miaka ya 1990. Mtaa kama huo unastahili kumbukumbu zitakazodumu. Basi usikubali kazi ya mtu hadi mikanda yako mitatu mfululizo itoke sawa kwa joto lile lile. Ukishaikubali, kata negativu vipande vya picha sita sita, ziweke kwenye bahasha kavu mbali na bati la moto, na juu ya bahasha andika tarehe, mtaa, na majina ya waliomo.